Kuacha pombe Kampala: Kwa nini wanaopona huhesabu siku moja moja

Jua linapozama Kampala, viti vya plastiki hutolewa nje ya baa ndogo za mitaani ambazo wenyeji huziita kafunda, mishikaki huanza kugeuzwa motoni, na waendesha bodaboda huegesha pikipiki zao wakiwa na fedha za siku nzima mfukoni. Kwa wakazi wengi hiyo ni saa ya kupumzika. Kwa mtu aliyeacha pombe wiki iliyopita, ni saa ngumu kuliko zote.

Akijiuliza kama ataweza kuishi miaka 30 ijayo bila kunywa, swali hilo humvunja moyo kabla hajaanza. Akijiuliza kama anaweza kufika asubuhi bila kunywa, swali lina jibu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo msingi wa ushauri ambao waraibu wa pombe hupewa karibu kila pembe ya dunia: usiape kuacha milele, usinywe leo.

Ushauri huo unaweza kusikika kama neno la faraja tu. Lakini una sababu zake katika namna mwili unavyopona, namna hamu ya pombe inavyokuja na kuondoka, na namna maisha ya mji yalivyofungamana na kinywaji. Una pia mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni wa usalama: kwa baadhi ya watu, siku ya kwanza bila pombe haifai kupitishwa nyumbani bila uangalizi.

Mji ambao pombe haiko mbali

Kwa miaka mingi Uganda imetajwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye unywaji mkubwa wa pombe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2004 iliiweka ya kwanza duniani kwa wastani wa unywaji kwa kila mtu mzima. Katika ripoti ya 2018, shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2016 wastani ulikuwa lita 9.5 za pombe halisi kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Wastani huo unaficha jambo moja. Raia wengi wa Uganda hawanywi kabisa, wakiwemo Waislamu na walokole. Kwa hiyo wale wanaokunywa hunywa zaidi ya kiwango hicho.

Kinywaji chenyewe hupatikana kwa kila mfuko. Ipo bia ya viwandani. Ipo tonto inayotokana na ndizi. Ipo malwa ya ulezi, ambayo wanywaji huifyonza kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wakiwa wamekaa duara na kuzungumza. Na ipo waragi, pombe kali ya kukenekwa. Sheria ya mwaka 1965 ilipiga marufuku kukeneka pombe hiyo bila leseni, lakini utengenezaji wa kienyeji haukukoma. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa katika wilaya ya Kabale, kusini magharibi mwa nchi, baada ya kunywa waragi iliyochanganyika na methanoli, kemikali ambayo ni sumu.

Serikali imejaribu kupunguza upatikanaji wa pombe kwa njia kadhaa. Mwaka 2019 ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, ile ambayo Tanzania iliijua kwa jina la viroba na kuipiga marufuku miaka miwili kabla. Wakati wa janga la Uviko-19, baa zilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, ingawa watu waliweza kununua pombe madukani na kunywa nyumbani. Mbunge wa wilaya ya Tororo, Sarah Opendi, aliwasilisha muswada ambao ungeruhusu pombe iuzwe siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku tu. Bunge liliukataa Novemba 2024.

Maana yake kwa anayeacha pombe ni kwamba hawezi kungoja mji ubadilike. Atapita mbele ya chupa leo, na kesho atapita tena.

Siku za mwanzo ni za mganga

Mtu anayekunywa sana kila siku huwa ameuzoesha ubongo wake kufanya kazi ndani ya pombe. Pombe hupooza mfumo wa fahamu, na ubongo hujibu kwa kujichangamsha zaidi ili kulinganisha mambo. Pombe ikiondolewa ghafla, mchangamko huo hubaki bila kizuizi.

Dalili huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, kwa kawaida kati ya saa sita na saa 24. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, usingizi hukataa, na wasiwasi hupanda. Kwa wengi hali hiyo hutulia ndani ya wiki moja. Lakini wachache hupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na wengine, hasa kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, huona au kusikia visivyokuwepo, na hupandwa na homa. Hali hii ya mwisho inaweza kuua isipotibiwa.

Ndiyo maana mtu anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kupata degedege alipojaribu kuacha, mjamzito, au mwenye ugonjwa mwingine mzito anashauriwa kuonana na mhudumu wa afya kabla ya kuacha, si baada ya kuacha. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza mfumo wa fahamu, kama diazepamu, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maji na chakula. Vitamini hiyo si nyongeza ya hivi hivi: upungufu wake kwa wanywaji wa muda mrefu unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja.

Kumfungia ndugu chumbani mpaka pombe imtoke ni jambo linalofanywa na familia zenye nia njema, nalo ni la hatari. Maombi na ushauri vina nafasi yake, lakini degedege halingoji.

Mjini Kampala, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 upande wa mashariki wa jiji, ina kitengo maalumu cha waathirika wa pombe na dawa za kulevya. Hospitali za rufaa za mikoa nazo huwa na huduma za afya ya akili. Vipo pia vituo vya kulipia, kama Serenity Centre kilichoko Kigo, nje kidogo ya jiji upande wa Entebbe. Nchini Tanzania vituo vya namna hiyo hujulikana kama nyumba za upataji nafuu, jina linaloeleza jambo la kweli: anayetoka hapo amepata nafuu, na nafuu huhitaji kutunzwa.

Hamu huja kama wimbi

Baada ya sumu kutoka mwilini, wengi hudhani kazi imekwisha. Kwa hakika ndipo inapoanza. Usingizi unaweza kuvurugika kwa wiki au miezi. Hasira huwa karibu, furaha huwa mbali, na mambo ambayo pombe ilikuwa ikiyafunika, yakiwemo madeni, aibu na ugomvi wa nyumbani, hujitokeza yote kwa pamoja. Wakati huohuo mwili huanza kujirekebisha: mafuta yaliyojaa kwenye ini, kwa mfano, huanza kupungua katika wiki hizohizo za mwanzo.

Katika kipindi hiki hamu ya pombe huja bila taarifa. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kwa nini watu hurudia pombe, aliifananisha hamu hiyo na wimbi la bahari. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka lenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache au nusu saa. Anayepigana nalo huchoka. Anayejua kwamba litashuka huweza kulisubiri.

Hapo ndipo hesabu ya siku moja inapopata maana. Mtu hatakiwi kushinda mawimbi yote ya maisha yake. Anatakiwa kulipitisha hili lililopo, kisha kulala.

Marlatt alionyesha pia hatari ya kiapo kikubwa. Mtu aliyeapa kwamba hatagusa pombe tena maishani, akinywa glasi moja tu, huona kiapo chote kimevunjika. Hujiona hafai, na fikra hiyo humpeleka kwenye glasi ya pili na ya kumi. Aliyeahidi leo tu, hata akianguka leo, kesho yake bado iko mzima.

Simu iliyopigwa kutoka hotelini

Desturi ya kuhesabu siku moja moja ilienezwa zaidi na chama cha Alcoholics Anonymous, kinachojulikana kwa kifupi kama AA. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu, alijikuta peke yake katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, baada ya biashara yake kuharibika. Baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Badala ya kuingia, alianza kupiga simu makanisani akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye.

Aliunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Walizungumza kwa saa kadhaa. Wiki chache baadaye Smith alikwenda kwenye mkutano wa madaktari na akanywa tena. Alinywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Kwa maneno mengine, chama chenyewe kilianza na mtu aliyeteleza, akapokelewa tena.

Mikutano ya AA haina ada wala karatasi ya kusaini, na wanachama hutumia jina moja tu. Anayetaka kuzungumza huzungumza, asiyetaka husikiliza. Mwaka 2020, mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane, yaliyojumuisha tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 42 ya waliosaidiwa kujiunga na AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawajanywa kabisa, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine kama ushauri wa kisaikolojia. Tofauti hiyo si muujiza, na takwimu hizo zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu katika makundi yote mawili walikunywa tena. Lakini kwa huduma isiyolipiwa, ni tofauti kubwa.

Vikundi vya AA hukutana pia Kampala. Kusimama mbele ya wenzako na kueleza ulikotoka si jambo geni katika jiji hili. Tangu Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana kwenye kilima cha Namirembe mwaka 1929, katika mwanzo wa uamsho wa walokole, ushuhuda wa hadharani umekuwa sehemu ya maisha ya dini nchini Uganda, na kuacha pombe ni moja ya mambo yaliyoshuhudiwa sana. Hata hivyo AA si kanisa. Inazungumzia nguvu iliyo kuu kuliko binadamu, na humwachia kila mmoja aielewe kwa imani yake.

Siku inavyopangwa

Wanaopona hufundishwa kujikagua kwa mambo manne kabla ya kulaumu udhaifu wa moyo: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mambo haya hufanana sana na hamu ya pombe, na huizidisha. Sahani ya matoke na maharage kabla ya jua kuzama inaweza kufanya kazi ambayo nasaha ya saa nzima isingeweza.

Jambo la pili ni njia. Anayepita kila siku mbele ya kafunda alikozoea hulazimika kufanya uamuzi uleule kila siku. Anayebadilisha njia ya kurudi nyumbani huamua mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa chupa zilizobaki kabatini na namba za simu za wenzake wa kunywa.

Jambo la tatu ni fedha. Wafanyakazi wengi wa Kampala, kuanzia waendesha bodaboda hadi wachuuzi wa sokoni, hupata pato lao kila jioni, saa ileile hamu inapopanda. Kuziweka fedha hizo kwenye akiba ya simu, chama cha akiba na mikopo, au mikononi mwa mtu wanayemwamini kabla ya giza kuingia, ni kinga iliyo rahisi.

Jambo la nne ni mtu wa kumpigia. Uzoefu wa Wilson hotelini ndio unaorudiwa hapa: simu hupigwa kabla ya kunywa, si baada ya kunywa.

Kwanjula, msiba na soda

Ugumu mkubwa zaidi mara nyingi hauko baa. Uko kwenye shughuli za ukoo. Katika kwanjula, sherehe ya Baganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, pombe ni miongoni mwa zawadi zinazotarajiwa. Kwenye msiba na katika matanga, tonto huzunguka kwa waombolezaji. Kwenye chungu cha malwa, mrija ni kiti chako katika kundi: aliyeuacha huonekana ameliacha kundi lenyewe.

Washauri hupendekeza mambo mepesi. Katika wiki za mwanzo, ni halali kutohudhuria, au kuhudhuria sehemu ya asubuhi na kuondoka mapema. Anayehudhuria aende na mtu anayejua hali yake, na awe na soda mkononi tangu mwanzo, kwani mwenye kinywaji haulizwi anakunywa nini. Jibu fupi, kama "natumia dawa" au "siku hizi sinywi", linatosha. Maelezo marefu hualika mabishano.

Kwa wanawake mzigo huwa mzito zaidi. Jamii inayomcheka mwanamume mlevi humhukumu mwanamke mlevi, na wengi hunywa kwa siri na kuchelewa kutafuta msaada. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua.

Anapoteleza

Kurudia pombe ni jambo la kawaida katika mwaka wa kwanza, na si ushahidi kwamba tiba imeshindwa. Shinikizo la damu na kisukari navyo hurudi juu mgonjwa anapoacha dawa, na hakuna anayemfukuza hospitalini kwa sababu hiyo.

Kinachohitajika ni haraka. Aliyekunywa jana asingoje Jumatatu wala mwanzo wa mwezi ili kuanza upya. Ahesabu leo. Siku 40 alizokaa bila kunywa hazikupotea: zimemfundisha ni saa ipi, mtu yupi na hisia ipi vilivyomwangusha. Aliyekuwa amekunywa sana kwa siku kadhaa mfululizo, hata hivyo, arudi kwanza kwa mhudumu wa afya, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuwa na hatari zaidi kila kunaporudiwa. Na uvumilivu wa mwili kwa pombe hushuka wakati wa mapumziko, hivyo kiasi alichokizoea zamani kinaweza kumdhuru.

Zipo pia dawa zinazopunguza hamu ya kunywa au kusaidia kutorudia. Mwaka 2023 WHO iliingiza mbili kati yake, naltreksoni na akamprosati, katika orodha yake ya dawa muhimu, hatua inayozihimiza serikali kuzifikisha kwa wananchi. Huandikwa na daktari, na hufanya kazi vizuri zaidi pamoja na ushauri.

Kazi ya familia

Ndugu wa mraibu nao hujifunza kuhesabu siku. Mke aliyeahidiwa mara kumi kwamba pombe imekwisha hana sababu ya kuamini ahadi ya kumi na moja. Ahadi ya leo ni ndogo kiasi cha kuweza kukaguliwa leoleo: amerudi saa ngapi, amekula, yuko timamu. Imani iliyovunjwa kwa miaka hurudi kwa mambo madogo ya namna hiyo, haba na haba.

Familia inaweza kusaidia kwa kuondoa pombe nyumbani, kumsindikiza mgonjwa kliniki, na kuacha kumkumbusha makosa yake kila jioni. Haitakiwi kumlipia madeni ya baa wala kumtungia uongo kazini, kwani hilo humwondolea sababu ya kuacha. Na inatakiwa kujua dalili ambazo hazingoji asubuhi: degedege, kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, homa na kutetemeka kusikokoma. Mtu mwenye dalili hizo hupelekwa hospitali iliyo karibu usiku uleule.

Kwa asiyekuwa na dalili hizo, mahali pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu. Maswali mawili ya kwanza atakayoulizwa ni anakunywa kiasi gani na alikunywa lini mara ya mwisho. Majibu ya kweli kwa maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama atalala nyumbani au wodini usiku wake wa kwanza bila pombe.